Madam na Skrini Isiyoruka

Wako watu Sultan Hamud mpaka leo wanaosema Madam alikuwa na kiburi. Mimi siwapingi. Nawauliza tu wao wamepata nini maishani kwa kupokea kila walichopewa, halafu naendelea na kazi yangu. Mimi ni fundi wa nguo. Nilikaa ukuta mmoja na shule yake ya taipu kwa miaka kumi na minane, cherehani yangu huku, mashine zake kule, na ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao za kuungaunga, kwa hiyo alichosema nilikisikia na nilichosema alikisikia. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake sizijui vizuri na sikuwahi kumuuliza. Jina lake pia sitalitaja. Wanafunzi walimwita Madam, pasta akamwita Madam, wauza nyanya wakamwita Madam, naye akaitika.

Alikuwa mfupi, mwenye kifua kipana, na alivaa sweta ya kijani hata kwenye jua la Februari, wakati sisi wengine tunatafuta kivuli cha kujibanza. Nilimshonea sketi zake zote. Kila sketi alitaka iwe na mifuko miwili mikubwa, mmoja wa chaki na mmoja wa njugu, na ole wako umshonee mfuko mmoja ukidhani umemsaidia kupunguza kitambaa. "Mama Mwende," angesema, "mimi niliagiza mbili. Hiyo moja yako uvae wewe."

Darasani hakupiga mtu. Alikuwa na adhabu yake mwenyewe, mbaya kuliko kiboko. Ukikosea herufi, ulisimama ukasoma barua yako kwa sauti jinsi ulivyoipiga, kosa kwa kosa. Msichana mmoja aliyeandika ombi la kazi alisimama akasoma kwamba yeye ni "mchafu kazi" badala ya mchapakazi, na mimi nikaacha kushona nikacheka mpaka sindano ikanichoma. Madam hakucheka. Alimwambia, "Rudia. Mpaka hiyo karatasi iseme vile wewe unasema." Msichana yule baadaye aliajiriwa ofisi ya wilaya, na kila akipita barabarani alishuka kumsalimia.

Kanisani alikuwa mkali zaidi. Tulisali kanisa moja, na siku ya maombi ya vijana ndiye aliyesimama kukemea karata, draft za vizibo, na ile meza ya mipira iliyowekwa baa ya karibu na stesheni. Alisema michezo inakula akili kama mchwa anavyokula mlango. Sasa fikiria mwanamke huyo huyo, baada ya kufunga darasa Jumamosi saa kumi, amekaa mbele ya kompyuta yake ya tatu, ile nzuri, anaendesha ndege ya gemu. Ndio. Ndege. Alibonyeza vitufe, akaegemea kushoto ndege ikipinda kushoto, akaegemea kulia ndege ikipinda kulia, na kiti kikalia hadi upande wangu.

Pasta alipopata habari alikuja mwenyewe. Nilisimamisha cherehani ili nisikie.

"Madam, si ni wewe ulisema michezo ni ya shetani?"

"Nilisema, Pasta."

"Na hii?"

"Hii ni ndege. Haipigi mtu, haichezi kamari. Nikimaliza naizima."

"Lakini wanafunzi wako umewakataza gemu."

"Wanafunzi wako na miaka hamsini ya kucheza. Mimi sina."

Pasta aliaga akaondoka. Mimi upande wangu wakati huo nilikuwa tayari najua alichomaanisha.

Madam alikuwa anapoteza macho. Alikwenda Kitui kwa daktari wa macho Jumanne, akarudi na basi la mchana, na saa nane alikuwa amefungua darasa kama kawaida. Jioni alikuja kwangu na chai mbili. Alinieleza kwamba ugonjwa wake unakula katikati ya macho na kuacha pembeni. Daktari alisema labda miaka miwili, labda mitatu, halafu katikati itakuwa imekwisha, na dawa hakuna. "Sasa hivi naona masikio yako vizuri sana, Mama Mwende," aliniambia. "Lakini nikikuangalia uso, uso unaenda. Lazima niangalie hiyo kalenda ndio nikuone wewe." Na kweli alikuwa ameigeukia kalenda yangu ya ukutani. Mimi nililia. Yeye alikunywa chai yake, akamaliza, akanywa na yangu.

Ni siku hiyo aliniambia anachotaka. Maisha yake yote ndege za Mombasa zimempitia juu ya kichwa, akiwa shambani, akiwa barabarani, akiwa anaanika nguo. Hakuwahi kupanda hata moja na hangepanda. Alitaka kuiona dunia kutoka juu kabla katikati haijakwisha, basi. Hakuomba kupona. Alisema hayo maombi kanisa lote lilikuwa linamwombea, na yeye ameamua kuomba kitu kidogo ambacho anaweza kukifanya mwenyewe.

Kadi aliletewa na Kyalo, mwanafunzi wake wa zamani, mtu mzima mwenye watoto wawili, aliyekuwa akitengeneza kompyuta Nairobi. Ilikuwa kadi ya kuchora picha za gemu, kipande cha kijani kama kiganja, akaichomeka ndani ya ile kompyuta ya tatu. Ndipo shida ilipoanza. Kadi ilikuwa mpya lakini skrini, ile monita, ilikuwa ya zamani. Kyalo alitueleza vizuri hata mimi wa cherehani nikaelewa. Picha kwenye skrini haikai tu pale. Inachorwa, inafutika, inachorwa tena, mara nyingi kwa kila sekunde. "Hii kadi inaweza kuchora picha kubwa ya ndege mara themanini na tano kwa sekunde, hata zaidi," alisema. "Monita yako inaweza sitini pekee. Kwa sitini picha inaruka."

Mimi nilitazama, sikuona kitu kinachoruka. Kyalo akaniambia nitazame mlangoni huku skrini ikiwa kando ya jicho langu. Nikatazama mlango. Asai! Ile skrini ilikuwa inatetemeka pembeni kama taa inayotaka kuzimika. Pembeni mwa jicho ndiko mtetemeko unaonekana. Na pembeni ndiko Madam alikokuwa amebakiwa. Alikuwa akikaa nusu saa mbele ya skrini ile, anaondoka ameshika kichwa, anatapika nyuma ya nyumba. Alihitaji skrini isiyoruka, na alihitaji upesi.

Sasa nieleze mwethya wetu, kwa asiyeujua. Ni kikundi cha kina mama cha kusaidiana. Tulichimba matuta ya kuzuia udongo shamba la huyu leo, shamba la yule kesho, tukiimba. Na kila msimu mmoja wetu alifika zamu ya kuletewa kitu: huyu tanki la maji, huyu vitanda, huyu mabati. Sheria yetu ilikuwa moja ambayo hakuna aliyewahi kuivunja: anayepewa hachagui. Kikundi kinakaa bila yeye, kinaamua, kinakwenda kununua, kinaleta kwa nyimbo, naye anapokea akicheza na kukitumia mbele ya wote siku hiyo hiyo. Zamu ya Madam ilipofika, sote tulijua kitu ni monita. Na tulikuwa na furaha kweli, nisiseme uongo. Tulimpenda.

Madam, akijua sheria, alinipa karatasi chini ya maji, kwa sababu nilikuwa mmoja wa wale watatu wa kwenda Nairobi. Ilikuwa imepigwa taipu, mistari minne, bila kosa. Ilisema inchi kumi na saba zinatosha, ilisema ukubwa wa picha, ilisema kwa ukubwa huo ichore mara themanini na tano kwa sekunde au zaidi, na mstari wa mwisho: "Tafadhali msinunue kwa macho."

Tulinunua kwa macho. Katika duka la vitu vilivyotolewa maofisini tulikuta monita moja ya ajabu, kubwa kama meko, na mwenye duka akasema ni bei ile ile ya hizo ndogo. Mwenyekiti wetu, mwanamke wa sauti nzito aliyekuwa na duka la mbegu, aliipiga kofi mgongoni kama anayenunua fahali. Alisema mgonjwa wa macho anataka kitu kikubwa, hata mtoto anajua. Mimi nilitoa futi yangu ya kupimia nguo, nikapima kioo kutoka pembe hadi pembe, inchi ishirini bila kidogo, na nikasema, "Hii ndiyo." Karatasi ilikuwa mkobani. Niliigusa nikaiacha. Nilijiambia anayepewa hachagui.

Tuliileta Jumapili baada ya ibada, imefungwa leso mbili, wanawake wanne wakiibeba kutoka kwenye pikapu hadi ndani na watu wa soko wakitufuata. Kyalo aliiunganisha, akasoma maandishi ya mgongoni, na mimi nikaona uso wake nikaogopa. Picha ikatokea, ndege kubwa, milima mikubwa, vigelegele vikapasua bati. Madam alikaa. Akageuza uso kando, jinsi alivyozoea kutazama. Nikamwona amefumba macho, akafumbua, akafumba tena, na mkono ukaenda kwenye paji la uso.

"Kyalo, hii inachora mara ngapi?"

"Kwa picha hii kubwa, Madam, sitini. Haiendi zaidi."

Alisimama. Hakucheza. Alisema, "Asanteni sana, wamama. Rudisheni."

Mwenyekiti alidhani hakusikia vizuri.

"Turudishe nini?"

"Hii kitu. Inaniumiza. Niliandika chenye nahitaji, na si hii."

"Madam! Hii ni jasho ya wamama thelathini!"

"Najua. Na haya ni macho ya mama mmoja, na yako karibu kuisha. Siwezi kuyamalizia hapo ndio nyinyi mfurahi."

"Aiya! Kwani sisi ni watoto? Tangu lini mtu anarudisha zawadi ya mwethya?"

"Tangu leo," Madam alisema, na akaenda kutufungulia mlango.

Najua wasomaji wengine watasema angepokea, akashukuru, akaiweka pembeni. Hivyo ndivyo tulivyofanya sisi wote. Nina vitanda viwili vya mwethya nyumbani kwangu ambavyo havipiti mlango wa chumba, nimevilaza kando barazani, kuku wanataga juu yake, na nilivicheza siku ile mpaka nikakatika kiuno. Madam hangeweza. Sisi tulikuwa na miaka ya kupoteza kwa adabu, yeye alikuwa na miwili.

Kikundi kilikaa kikamtoza faini ya mbuzi na kumtaka aombe msamaha mbele ya watu. Alijibu kwa barua ya taipu kwamba mbuzi wake hajamkosea mtu. Mwenyekiti aliichukua monita nyumbani kwake, akaifunika kitambaa cha kufuma, akaweka maua ya plastiki juu. Hakuwa na kompyuta. Mwethya ukaacha kwenda shamba la Madam, lile la mteremkoni kule Kasikeu, na msimu huo matuta yake aliyachimba mwenyewe, mwanamke wa zaidi ya miaka hamsini anayeona jembe kwa pembeni. Nilipita njia ile mara mbili nikiwa garini. Sikushuka. Nasema hivi kwa sababu nimewasema wengine, na mimi pia nisemwe.

Lakini Nairobi nilikwenda naye. Alikuja dukani kwangu asubuhi moja na mkoba mkononi, akasema anahitaji mtu wa kumsaidia kuvuka barabara, si wa kumchagulia. Nilifunga duka. Kumbe alikuwa ameuza cherehani ya marehemu mama yake, ile aliyonikatalia miaka yote nikiibembeleza.

Duka alilotuelekeza Kyalo lilikuwa ghorofani, monita zimepangwa kama vichwa vya watu kwenye kwaya. Muuzaji, kijana wa tai, alituona tulivyo, sweta ya kijani na kanga, akatupeleka moja kwa moja kwenye zile kubwa.

"Mama, chukua hii. Kubwa, safi kabisa."

"Inachora mara ngapi?"

"Inachora nini?"

"Picha, kijana. Kwa sekunde. Kwa ukubwa huu hapa." Akampa karatasi ya mistari minne. Alikuwa ameipiga tena.

Kijana alisoma, akatabasamu kwa huruma, akasema hizo namba ni za mafundi, jicho la mtu haliwezi kuona tofauti. Madam alivuta kiti akakaa. Aligeuza uso akatazama dirisha, monita ikiwa kando yake, akamwambia, "Wewe badilisha hapo ndani unavyotaka. Usiniambie. Mimi nitakuambia."

Kijana akabadilisha. "Inaruka," Madam akasema, akitazama dirisha. Akabadilisha tena. "Inaruka, lakini kidogo." Tena. "Hapo imetulia." Kijana akairudisha chini kimyakimya, bila kugusa kitu kingine. "Sasa unanichezea. Umerudi kwa ile ya kwanza." Wauzaji wengine wakaja. Wakajaribu monita sita, mara nyingi, na hakukosa hata moja. Mwishoni kijana yule aliegemea kaunta akamuuliza, "Mama, wewe ni injinia wa wapi?"

"Mimi ni mwalimu wa taipu, Sultan Hamud," alisema. "Nifungie hiyo ya dirishani, iliyotulia. Kumi na saba. Na kitabu chake."

Nilifurahi siku hiyo kuliko siku ya arusi yangu. Tuliibeba sisi wawili, tukipumzika kila baada ya nguzo chache, na hakuna aliyetuimbia.

Tangu hapo Jumamosi zikawa zake. Nilisikia kiti kikilia upande wa pili na yeye akizungumza na nchi ile ya ndani ya gemu, ambayo ilikuwa ya Wazungu, mashamba ya kijani mno na mito isiyokauka. Aliipa majina yetu. Mlima mrefu akauita Nzaui, vilima vya nyuma vikawa Mbooni. Mto mmoja aliukatalia jina kwa sababu, alisema, sisi hatuna mto wenye maji mengi hivyo na hatadanganya. Wakati mwingine aliniita nikaone. Nilikwenda, nikasema ni nzuri, nikarudi kazini. Sikuwahi kukaa.

Alifunga shule alipofika mahali pa kutoweza kuona makosa kwenye karatasi. Hakukubali kuagwa kwa sherehe. Alihamia Kasikeu moja kwa moja, karibu na soko ambako stima ilikuwa imefika, na ukuta wangu ukanyamaza. Nilikaa karibu mwaka mzima kabla ya kwenda kumwona, na nilipokwenda, nilikuwa nimetumwa. Mwethya ulikuwa umelegeza msimamo. Mwenyekiti alisema mbuzi asamehewe, neno la msamaha tu linatosha, watamrudishia matuta yake.

Nilimkuta mchana, amekaa mbele ya monita yake, uso wote umegeukia dirisha. Nilidhani hajanisikia. "Karibu, Mama Mwende," akasema. "Hiyo miguu yako bado inaburuta." Nilitoa ujumbe wa mwenyekiti. Alicheka sana, mpaka akakohoa. Akasema matuta yake yamesimama, niende nikayaangalie, kisha nirudi niwaambie wamama anawasalimia wote kwa majina na msamaha hana.

Ndipo nikamwambia langu. Nilimwambia ile siku karatasi yake ilikuwa mkobani mwangu, na ni mimi niliyetoa futi.

"Najua. Mwenyekiti alimsimulia Kyalo, naye akaniambia kitambo."

"Na hukusema kitu?"

"Niseme nini? Ulipima vizuri. Inchi zilikuwa zimetimia." Akanisogezea kiti. "Mimi nilikuwa nangoja uje kukaa tu."

Nikakaa. Ndege ilikuwa inapita juu ya mashamba, chini chini, na mlima wa Nzaui umeanza kutokea mbele, wa buluu. Mikono yake ilikuwa kwenye vitufe, imetulia. Macho yake yalikuwa dirishani, na katikati ya macho hayo nilijua hamna kitu tena. Sikuweza kuvumilia. Nikasogea karibu na sikio lake nikaanza kumwelezea, polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. "Sasa mlima uko mbele yako, Madam. Kulia kuna mto. Hapo chini kuna nyumba tatu, za paa jekundu..."

"Nyamaza, mwaitu."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na nikatii.

"Nyumba ni nne," alisema, akiegemea kulia, na ndege ikapinda ikauzunguka mlima. "Bado naona. Siku nikishindwa, nitakuuliza."

Nilikwenda Kasikeu mara nyingi baada ya hapo, nikikaa kwenye kiti kile, mpaka zikafika siku ambazo alipapasa ukuta akitafuta mlango wa nyumba yake mwenyewe. Hakuniuliza.